Watumiaji wengi, antena moja: mwongozo wa kurekebisha mkengeuko wa masafa kwa pailoti

Ruta moja ikizungumza na kompyuta moja, mkengeuko wa masafa si jambo la kukunyima usingizi. Kipokezi kinasikiliza mwanzo wa fremu, kinapima tofauti kati ya masafa yake na ya mtumaji, kinaiondoa, na kazi inaendelea. Mambo hubadilika pale ruta ya Wi-Fi 6 inapowaita watumiaji tisa watume kwa mpigo ndani ya chaneli ileile ya 20 MHz, au mnara wa LTE unapopokea mawimbi ya simu nyingi kwa wakati mmoja. Kila mtumaji anakuja na mkengeuko wake, yote yamechanganyika kwenye antena moja, na dawa uliyoizoea haitibu tena.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejenga kipokezi cha OFDMA, iwe kwa redio ya programu mezani au kwa hesabu tupu ndani ya Octave au Python. Nachukulia kwamba FFT unaijua na namba changamano hazikutishi. Msimamo wangu ni huu: kwenye mtandao wa watumiaji wengi, sehemu kubwa ya marekebisho ifanywe na mtumaji mwenyewe, kabla mawimbi hayajaondoka kwenye antena yake. Pailoti, yaani alama ambazo kipokezi kinazijua tangu mwanzo, zinamsaidia mtumaji kupima vizuri, kisha zinaisaidia ruta kufuatilia mabaki. Anayetaka kumwachia kipokezi mzigo wote anakipa kazi kisichoweza kuimaliza.

Tatizo lenyewe

Kila redio ina kristali inayoitolea mapigo, na hakuna kristali mbili zinazopiga sawasawa. Kiwango cha Wi-Fi kwenye bendi ya 5 GHz kinaruhusu kristali ikosee hadi sehemu 20 kwa milioni, juu au chini. Kwenye masafa ya 5.2 GHz hiyo ni 104 kHz. Ruta ikikosea kwenda juu na kompyuta ikikosea kwenda chini, zinaachana kwa 208 kHz. Katika 802.11a na 802.11g mawimbi madogo yanayobeba data yamepangwa kila baada ya 312.5 kHz, kwa hiyo kuachana huko ni theluthi mbili ya nafasi. Wi-Fi 6 imeibana nafasi hiyo hadi 78.125 kHz. Kristali ni zilezile, ila sasa mkengeuko unaruka zaidi ya nafasi mbili na nusu.

Madhara yake ni ya aina mbili, na ni lazima uyatenganishe kichwani kwa sababu dawa zake ni tofauti. La kwanza ni mzunguko: fezi ya kila simboli inasogea mbele kidogo kuliko ya simboli iliyotangulia, na mzunguko huo unajilimbikiza hadi fremu inapokwisha. La pili ni uvujaji: mawimbi madogo yanapoteza sifa yake ya kutoingiliana, na nguvu ya moja inamwagikia jirani zake. Mzunguko unaweza kuurudisha nyuma. Uvujaji ukishaingia kwenye data ya mtu mwingine, kuutoa ni shughuli pevu.

Uvujaji unakadirika kirahisi. Uchukue mkengeuko kama sehemu ya nafasi kati ya mawimbi madogo, uuite e. Nguvu ya uvujaji ikilinganishwa na ya ishara ni takriban (π·e)² gawanya kwa 3. Mkengeuko wa 0.02 unaweka uvujaji desibeli 29 chini ya ishara, 0.05 unauweka desibeli 21 chini, 0.1 unauweka desibeli 15 tu chini, na hapo 64-QAM haina maisha. Namba hizi tatu ziweke karibu, maana utazirudia kila unapoamua kama mkengeuko fulani unakuhusu au haukuhusu.

Kwa nini ruta haiwezi kuwanyoosha wote kwa pamoja

Chukua kanda ya kaseti iliyorekodi waimbaji wawili kwa kinasa kimoja, mmoja akiwa juu ya sauti inayotakiwa na mwingine chini. Ukipunguza kasi ya kanda, wa kwanza anakaa sawa na wa pili anazidi kuharibika. Ukiongeza, kinyume chake. Hiyo ndiyo hali ya ruta inayopokea watumiaji wengi. Kuizungusha ishara nzima kwa kiasi kimoja ni kumtengeneza mmoja na kuwabomoa wengine.

Kwa mtumiaji hali ni nyepesi. Ruta inapotuma kwenda kwa watu wote, kila mtumiaji anasikia kristali moja tu iliyo tofauti na yake. Ana mkengeuko mmoja wa kupima na mmoja wa kuondoa. Ndiyo maana maarifa ya kupima yanapatikana kwa urahisi upande wa mtumiaji, na ni busara kuyatumia huko huko.

Kuna jambo linalozidisha ubaya, nalo ni tofauti ya nguvu. Tuseme watumiaji wawili wamepewa vipande vinavyopakana, kila kipande mawimbi madogo 26, ambacho ndicho kipande kidogo kabisa katika Wi-Fi 6. Mmoja amekaa mbali na ruta; mwingine yuko karibu, na nguvu yake inafika ikiwa desibeli 20 juu. Huyu wa karibu ana mabaki ya mkengeuko wa 2 kHz. Ni kidogo, karibu asilimia 2.6 ya nafasi. Lakini piga hesabu ya wimbi dogo la mpakani la yule wa mbali: linapokea uvujaji kutoka kwa mawimbi yote 26 ya jirani, na jumla yake iko takriban desibeli 30 chini ya nguvu ya jirani. Kwa kuwa jirani ana desibeli 20 zaidi, mtu wa mbali amebaki na desibeli 10 tu za nafuu kwenye wimbi lile. Sogea hadi wimbi la kumi ndani ya kipande chake na nafuu inapanda hadi karibu desibeli 23. Kipande ni kimoja, mtumiaji ni mmoja, ila mawimbi ya pembeni yameoza na ya ndani ni mazima. Ukiona sura hiyo kwenye grafu ya makosa, usihangaike na mfumo wa mtu wa mbali. Mwenye kosa ni jirani yake.

Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote ya masafa, sawazisha nguvu. Wi-Fi 6 inalifanya hili kupitia fremu ya wito: ruta inamwambia kila mtumiaji nguvu inayotaka ifike kwake, na mtumiaji anapunguza au kuongeza. Kwenye maabara yako, hata kama unaigiza tu, weka sehemu hiyo. Wanafunzi wengi huiruka kwa kuona haihusiani na masafa, kisha wanatumia wiki nzima kutafuta kosa kwenye programu iliyo sahihi.

Anza kwa kuijua kristali yako

Usiandike mstari wa programu kabla hujajua vifaa vyako vinakosea kiasi gani. Kwa kidude cha RTL-SDR kazi hii haina gharama. Minara ya GSM inatakiwa isikosee zaidi ya sehemu 0.05 kwa milioni, na kila mnara hutoa mara kwa mara mlio mmoja safi ulio 67.7 kHz juu ya masafa yake, uliowekwa makusudi ili simu zijirekebishe kwao. Programu ya kalibrate inautafuta mlio huo na kukuonyesha umeukuta wapi. Mnara ukiwa kwenye 947 MHz, kila sehemu moja kwa milioni ni 947 Hz. Ukiukuta mlio umehama kwa 28 kHz, kristali yako inakosea kwa karibu sehemu 30 kwa milioni. Kote Afrika Mashariki GSM ya 900 MHz bado iko hewani, kwa hiyo kipimo hiki cha bure unacho.

Acha kifaa kipate joto lake la kawaida kwanza, ndipo upime. Kisha pima tena baada ya muda, halafu pima feni ikiwa imewashwa. Utaona kristali ya bei nafuu inavyotembea na joto, na hilo litakuonyesha ni mara ngapi makadirio yako yanahitaji kufanywa upya.

RTL-SDR haifiki masafa ya Wi-Fi wala haina upana wa kuchukua chaneli ya 20 MHz. Kwa kazi hiyo utahitaji kitu kama USRP B210, ambayo kristali yake imetajwa kuwa na usahihi wa sehemu 2 kwa milioni. Usidanganyike na udogo wa namba hiyo. Kwenye 5.2 GHz ni 10.4 kHz kwa kifaa kimoja, na vifaa viwili vikikosea kinyume ni karibu 21 kHz, zaidi ya robo ya nafasi ya Wi-Fi 6. Marekebisho hayakwepeki.

Upande wa mtumiaji: pima, kisha pima vizuri zaidi

Njia ya msingi ni ya Paul Moose, aliyeichapisha mwaka 1994, na Timothy Schmidl na Donald Cox wakaipa mwaka 1997 sura ambayo vipokezi vingi bado vinaifuata. Mtumaji anarudia kipande kilekile mara mbili. Kama hakuna mkengeuko, nakala ya pili inafanana na ya kwanza. Mkengeuko ukiwapo, nakala ya pili imezungushwa. Zidisha kila sampuli ya nakala ya pili kwa konjugeti ya sampuli mwenzake wa nakala ya kwanza, jumlisha, chukua pembe, ugawe kwa 2π mara muda uliopita kati ya nakala hizo mbili. Jibu ni mkengeuko kwa Hz.

Ugumu uko kwenye huo muda wa katikati. Pembe haiwezi kuzidi nusu duara bila kujirudia, kwa hiyo muda mfupi unakupa uwanja mpana wenye jibu la kukadiria tu, na muda mrefu unakupa jibu kali ndani ya uwanja mwembamba. Utangulizi wa fremu ya Wi-Fi umetengenezwa kwa kuzingatia hilo. Una sehemu fupi inayojirudia kila mikrosekunde 0.8, ambayo inapima hadi 625 kHz kwenda juu au chini, na sehemu ndefu inayojirudia baada ya mikrosekunde 3.2, ambayo inaishia 156.25 kHz. Mkengeuko wetu wa 208 kHz umepita uwezo wa sehemu ndefu. Ukianza nayo utapata jibu linaloonekana safi kabisa na ni la uongo: itakuambia hasi 104.5 kHz. Anza na fupi, ondoa ulichokipata, kisha tumia ndefu kwa kilichobaki. Usibadilishe mpangilio huo hata kama majaribio yako ya mezani hayajawahi kuvuka 100 kHz.

Je, inatosha? Kiwango cha Wi-Fi 6 kinadai kwamba mtumiaji anayeitikia wito wa ruta asibaki na mkengeuko wa zaidi ya 350 Hz akilinganishwa na fremu iliyomwita. Sehemu ndefu ina sampuli 64 za kulinganisha. Kelele ikiwa desibeli 20 chini ya ishara, pembe utakayoipata ina wasiwasi wa karibu radiani 0.0125, na ukigawa kwa muda wa mikrosekunde 3.2 wasiwasi huo unageuka kuwa zaidi ya 600 Hz. Yaani utangulizi peke yake, hata kwenye ishara nzuri, haukufikishi kwenye 350.

Hapa ndipo pailoti zinapoonyesha thamani yake. Fremu ya wito kwa kawaida hutumwa kwa muundo wa zamani, wenye pailoti 4 katika kila simboli, na kila simboli inachukua mikrosekunde 4. Tuseme fremu ina simboli 40. Baada ya kuondoa mkengeuko uliopimwa kwenye utangulizi, pima fezi ya pailoti kwenye kila simboli, uzichore zote dhidi ya muda, na upitishe mstari ulionyooka katikati yake. Mwinamo wa mstari ndio mkengeuko uliobaki. Kila nukta peke yake ina wasiwasi wa radiani 0.035, mbaya kuliko kipimo cha utangulizi. Lakini nukta hizo zimetawanyika kwenye mikrosekunde 160 badala ya 3.2, na ukipitisha mstari wasiwasi wa mwisho unashuka hadi karibu 20 Hz. Kelele ni ileile na kifaa ni kilekile, ila umetoka kwenye 600 Hz hadi 20.

Ukitaka uhakika zaidi, chukua wastani wa fremu kadhaa. Ruta nyingi hutoa fremu ya kujitambulisha kila baada ya milisekunde 102.4, na kristali haibadiliki sana katika muda huo. Wastani unaosahau taratibu, unaokipa kipimo kipya uzito mdogo na cha zamani uzito mkubwa, unatosha. Ila uanze upya kifaa kinapoamka usingizini, kwa sababu joto lake limeshabadilika.

Sasa tuma. Hapa kuna kosa moja linalokamata karibu kila mtu, la alama ya kujumlisha na kutoa. Unapopokea, unaizungusha ishara kinyume na mkengeuko ili kuufuta. Unapotuma, unaizungusha *kuelekea* mkengeuko uleule, kwa sababu unataka masafa yako yapande au yashuke hadi yalipo ya ruta. Kama ruta iko juu yako kwa 30 kHz, kwenye kupokea unatoa 30 kHz na kwenye kutuma unaongeza 30 kHz. Ukitumia alama moja pande zote mbili, ruta itakuona umekosea kwa 60 kHz. Ni dalili nzuri ya kukumbuka: mabaki yakiwa maradufu ya ulichopima, nenda moja kwa moja kwenye alama ya mtumaji.

Upande wa ruta: kila mtu na pailoti zake

Tuchukulie kila mtumiaji ametii na amebaki na mabaki ya 350 Hz. Uvujaji hautishi: ni asilimia 0.45 ya nafasi, sawa na desibeli 42 chini ya ishara, chini ya kosa ambalo hata 1024-QAM ya Wi-Fi 6 inalivumilia. Mzunguko ndio unaobaki. Simboli ya Wi-Fi 6 yenye muda wa kinga mrefu inachukua mikrosekunde 16, na 350 Hz katika muda huo ni nyuzi 2. Zinaonekana si kitu. Lakini baada ya simboli 23 umevuka nyuzi 45, na hapo hata QPSK, ambayo ni sugu kuliko zote tulizozitaja, inasoma vibaya kila alama. Fremu yenye simboli mia inazunguka zaidi ya nusu duara. Mtumaji ametii kiwango kikamilifu, na bila kufuatilia fezi hupati data yake.

Kwa hiyo baada ya FFT moja ya pamoja, gawa mawimbi madogo kwa watumiaji, na kwa kila mtumiaji fanya hivi katika kila simboli: chukua thamani ya kila pailoti iliyopokelewa, izidishe kwa konjugeti ya makadirio ya chaneli pale pailoti ilipo, izidishe tena kwa konjugeti ya pailoti iliyotarajiwa, jumlisha pailoti zote za mtumiaji huyo, kisha chukua pembe ya jumla. Jumlisha kwanza, pembe baadaye. Ukichukua pembe ya kila pailoti na kutafuta wastani, pailoti dhaifu iliyozama kwenye shimo la chaneli itakuwa na kura sawa na pailoti yenye nguvu. Ukijumlisha kwanza, zenye nguvu zinajipa uzito zenyewe.

Usichanganye pailoti za watumiaji wawili, hata kama zinakaa jirani na hata kama inakuvutia kuongeza idadi. Huo ni mwiko, kwa sababu unapima wastani wa vitu viwili visivyohusiana.

Tatizo ni kwamba kipande cha mawimbi 26 kina pailoti 2 tu. Vipande vya 52 na 106 vina 4, na cha 242 kina 8. Mtumiaji wa pailoti 2 ambaye kelele yake iko desibeli 10 chini atakupa fezi yenye wasiwasi wa nyuzi 9 kila simboli, ilhali fezi yenyewe inasogea nyuzi 2. Ukisahihisha kila simboli kwa kipimo chake pekee unamwongezea kelele kuliko unavyomsaidia. Laini kipimo. Ukiwa na muda wa kusubiri fremu nzima, pitisha mstari kama tulivyofanya kwa mtumiaji. Ukilazimika kufanya kazi papo kwa papo, tumia kitanzi cha daraja la pili, kinachoweka kumbukumbu ya fezi na ya kasi ya fezi, na kila simboli inazisogeza zote mbili kidogo. Anza na mkazo mkubwa kwenye simboli za kwanza chache, kisha ulegeze. Mimi huchagua mstari kila ninapoweza, kwa kuwa kitanzi kina vitu vingi vya kurekebisha kwa mkono na kila kimoja ni mlango wa kosa.

Kumbuka pia kwamba pailoti za Wi-Fi hubadilisha alama simboli hadi simboli, kwa kufuata mfuatano unaojulikana wenye urefu wa 127. Ukianza kuusoma mfuatano huo mahali pasipo pake, fezi itaruka nyuzi 180 huku na huku bila sababu inayoonekana.

Mabaki yakiwa makubwa

Kuna wakati mtumiaji hatii, au kifaa chake hakiwezi. Hapo unaweza kutengeneza nakala ya ishara iliyopokelewa kwa kila mtumiaji, uizungushe nakala kwa mkengeuko wake, upige FFT, uchukue mawimbi yake na utupe mengine. Watumiaji tisa, FFT tisa. Njia hii inamnyoosha mwenyewe, ila uvujaji wa majirani unabaki palepale. Ukitaka kuutoa na huo, kuna njia za kujenga upya ishara ya kila mtumiaji na kuiondoa kwenye ya wenzake kwa mizunguko, kama ile ya Defeng Huang na Khaled Letaief ya mwaka 2005, na mapitio ya Morelli, Kuo na Pun ya mwaka 2007 yamezikusanya nyingi. Zisome, ni hesabu tamu. Lakini kwenye mtandao wa kweli nisingezitegemea kabla sijahakikisha kwamba mtumaji amefanya sehemu yake, kwa sababu zote zinahitaji ujue mkengeuko wa kila mtu kwa usahihi, na usahihi huo ukiwapo, kumrudishia mtumaji ajirekebishe ni rahisi zaidi.

Simu iliyo ndani ya treni

Mtandao wa simu unadai usahihi mkubwa zaidi. Simu ya LTE hufuata masafa ya mnara kwa kosa lisilozidi sehemu 0.1 kwa milioni, ambayo kwenye 1.8 GHz ni 180 Hz, na nafasi kati ya mawimbi madogo ni 15 kHz. Mwendo ndio unaoleta shida. Treni ya umeme ya SGR iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024 imesanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo, kwenye 1.8 GHz, athari ya Doppler inafika karibu 267 Hz. Simu inayoukimbilia mnara inausikia mnara uko juu kwa 267, inajifunga kwenye masafa hayo, na inapotuma ishara yake inapandishwa tena kwa 267 njiani. Mnara unaona 533 Hz. Simu haina namna ya kujua kwamba sehemu ya kile ilichopima ni mwendo na sehemu ni kristali.

Ongeza zile 180 na unafika 713 Hz. Pailoti za LTE upande wa kutuma ziko mbili katika kila milisekunde, zikipishana kwa nusu milisekunde, kwa hiyo zinapima hadi 1,000 Hz juu au chini. Bado uko ndani ya uwanja, ila pengo limebaki dogo, na ukipanda kwenye bendi ya 2.6 GHz namba hizohizo zinazidi 1,000. Hapo pembe inajirudia na makadirio yanageuka alama. Jambo la pili la kuangalia ni pale treni inapoupita mnara: ndani ya muda mfupi Doppler inatoka chanya kwenda hasi. Wastani mrefu, ule uliotufaa sana kwa ruta iliyotulia ukutani, hapa utang'ang'ania mkengeuko wa upande uliokwishapita. Kwa watumiaji wanaokwenda kasi fupisha kumbukumbu ya makadirio, hata kama unapoteza usahihi kidogo.

Kusoma grafu

Chora fezi ya pailoti dhidi ya namba ya simboli, grafu moja kwa kila mtumiaji, kabla hujaisahihisha. Mstari ulioinama ni mabaki ya mkengeuko. Mstari unaopinda ni kristali inayobadilika wakati wa kutuma, mara nyingi kwa sababu kikuza nguvu kimepata joto. Miruko ya nyuzi 180 ni mfuatano wa alama za pailoti uliosomwa vibaya. Ukungu bila mwelekeo ni kelele, na kwa mtumiaji huyo acha kuhangaika na masafa.

Kisha chora fezi dhidi ya namba ya wimbi dogo, simboli ya mwanzo na ya mwisho pamoja. Mwinamo wake ukiongezeka kadiri fremu inavyoendelea, tatizo ni saa ya kuchukua sampuli. Kristali moja ndiyo inayoendesha masafa ya kutuma na saa hiyo, kwa hiyo mtumiaji aliyepima mkengeuko wa 52 kHz kwenye 5.2 GHz ana saa inayokosea kwa sehemu 10 kwa milioni. Kuizungusha ishara kunarekebisha masafa na kuiacha saa ilivyo. Kila simboli ya mikrosekunde 16 inateleza nanosekunde 0.16, baada ya simboli mia ni nanosekunde 16, na kwenye wimbi lililo ukingoni, 10 MHz kutoka katikati ya chaneli, fezi imehama karibu nyuzi 58. Kwa kuwa namba ya sehemu kwa milioni unayo tayari kutokana na pailoti, huhitaji kukadiria kitu kipya: itumie hiyohiyo kupanga upya sampuli za mtumaji kabla ya kutuma, au kurudisha mwinamo wa fezi simboli kwa simboli kwenye ruta.